Litografia: chapa ya jiwe, rangi ya mkono

Goma haina upungufu wa mawe. Nyiragongo ilimwaga lava mwaka 1977, ikarudia tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Lava ya 2002 ilikatiza uwanja wa ndege, ikapita Birere na katikati ya mji, ikaishia ndani ya Ziwa Kivu. Katika mtaa wa Mapendo, kama kwingine mjini, mwamba mweusi uko chini ya miguu, na mawe ya volkano ndiyo yanayojengewa misingi ya nyumba na kuta za viwanja. Hata hivyo, mchoraji wa Mapendo akitaka kufanya litografia, katika mawe yote hayo hatapata hata moja la kumfaa.

Jiwe la litografia ni la chokaa, laini, lenye chembe ndogo mno na vinyweleo vinavyofyonza maji na mafuta kwa usawa. Lililosifika kuliko yote huchimbwa Solnhofen, katika jimbo la Bavaria, Ujerumani, ambako miamba imelala tabaka juu ya tabaka na hupasuka bapa. Tabaka hizo ni laini kiasi kwamba zilihifadhi hata alama ya unyoya. Mwaka 1861 unyoya wa kiumbe wa kale ulipatikana humo, na wanasayansi wakamwita Archaeopteryx lithographica, wakilitia jina la ufundi wa uchapaji ndani ya jina la ndege. Lava ya Goma ina matundu yaliyoachwa na gesi ilipokuwa ikipoa. Tena, tindikali ikidondoshwa juu ya chokaa hutoa povu na kubadili ngozi ya jiwe. Juu ya lava haifanyi kazi hiyo. Bila badiliko hilo hakuna litografia ya jiwe.

Ufundi wote umesimama juu ya jambo ambalo kila mpishi analijua: mafuta na maji hayachangamani. Kwanza jiwe husuguliwa kwa mchanga mkali na maji hadi liwe bapa kabisa. Mchoraji huchora juu yake kwa chaki yenye mafuta, au kwa wino wa mafuta na brashi. Kisha jiwe hupakwa gundi ya mgunga iliyotiwa matone machache ya tindikali ya nitriki. Gundi hiyo inatoka kwenye migunga ya ukanda wa Sahel, na nchi inayotoa nyingi kuliko zote ni Sudan. Pale penye mchoro, mafuta huganda ndani ya jiwe. Pale palipo patupu, gundi huliacha jiwe likiwa tayari kushika maji. Mchoro unaoonekana husafishwa kwa tapentaini hadi karibu kutoweka, lakini mafuta yamebaki ndani. Hapo mchapaji hupitisha sponji yenye maji, halafu rola yenye wino. Maji hukaa penye utupu na kuukataa wino. Mchoro huyakataa maji na kuupokea wino. Karatasi hulazwa juu, mtambo hukandamiza, na nakala hutoka ikiwa imegeuka kulia kushoto kama kwenye kioo.

Aliyegundua njia hiyo ni Alois Senefelder, mzaliwa wa Prague wa mwaka 1771, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa akitafuta njia rahisi ya kuchapa kazi zake. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1796, huko Munich, alikosa karatasi ya kuandikia orodha ya nguo za kufuliwa, akaiandika juu ya jiwe kwa wino wa nta. Baadaye akalimwagia tindikali jiwe lile, na maandishi yakabaki yamenyanyuka kidogo kama muhuri. Huo ulikuwa bado uchapaji wa zamani, wa kitu kilichoinuka. Ilimchukua kama miaka miwili zaidi kufikia jiwe lisiloinuka wala kuchimbika, linalochapa kwa nguvu ya kemia peke yake. Ndiyo maana alipenda kuuita uvumbuzi wake uchapaji wa kikemia. Dunia haikumfuata, ilishika jina la Kigiriki, lithos ikiwa jiwe na graphein ikiwa kuandika.

Tatizo la mfasiri wa Kiswahili linaanzia hapo. Akitafsiri Kigiriki neno kwa neno anapata "maandishi ya jiwe", na msomaji ataona kaburi lenye jina la marehemu, au michoro ya miambani ya Kondoa, Tanzania. Akiandika "mchongo wa jiwe" amepotosha kabisa, maana katika litografia hakuna kinachochongwa. Mafundi wa chapa hugawa kazi yao katika makundi makubwa: uchapaji wa mwinuko, kama wa ubao uliochongwa, ambapo wino hukaa juu ya sehemu iliyobaki, uchapaji wa kina, kama wa bamba la shaba, ambapo wino huingia kwenye mikwaruzo, na uchapaji bapa, ambapo penye wino na pasipo wino pako kimo kimoja. Litografia ni mama wa kundi hilo la tatu. Istilahi yoyote inayomfanya msomaji afikirie patasi imeshakosea.

Neno la kutegemewa ni chapa. Lilivuka bahari kutoka lugha za India, likazoea kazi nyingi: chapa ya biashara, chapa ya ng'ombe, kupiga chapa kitabu, na mpigachapa wa serikali. Bahari hiyo hiyo ilileta litografia yenyewe. Katika karne ya 19 wachapaji wa Bombay waliipenda kwa vitabu vya hati ya Kiarabu, kwa sababu mwandishi mwenye mwandiko mzuri aliandika ukurasa mzima, ukahamishiwa kwenye jiwe bila kuhitaji herufi za risasi. Misahafu na vitabu vya dini vya namna hiyo vilifika pwani ya Afrika Mashariki, hata Zanzibar ilipokuwa na kiwanda chake cha chapa, kilichoanzishwa na Sultani Barghash. Picha za pwani nazo zilisafiri kwa jiwe: nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyezunguka mwambao miaka ya 1846 hadi 1848, alichapisha Paris albamu ya litografia, nyingine zikiwa zimechorwa kutokana na picha za mwanzo kabisa za kamera.

Kwa hiyo majina matatu yanaweza kugawana kazi bila kugombana. "Litografia" ni jina la ufundi na la kazi yenyewe, na msomaji wa Goma aliyesoma shule kwa Kifaransa atalitambua mara moja. "Uchapaji wa jiwe" ni maelezo ya tendo, yanafaa darasani na katika karakana. "Chapa ya jiwe" ni karatasi moja iliyotoka mtamboni, inayoweza kushikwa, kuuzwa na kutundikwa ukutani. Kinachobaki ni neno la rangi, na hapo Kiswahili kina kitenzi kizuri kinachohitaji kutumiwa kwa uangalifu.

"Litografia ya rangi" na "litografia iliyotiwa rangi kwa mkono" ni vitu viwili tofauti. Katika ya kwanza, rangi imetoka mtamboni. Mwaka 1837 Godefroy Engelmann, wa Mulhouse, alipata hati ya kulinda njia yake ya kuchapa kwa rangi: jiwe moja kwa nyekundu, jingine kwa buluu, jingine kwa manjano, karatasi ikipita juu ya kila moja kwa zamu na kukaa mahali pale pale. Rangi imepangwa kabla, na kila nakala inafanana na mwenzake. Katika ya pili, jiwe limetoa mistari myeusi tu. Karatasi imekauka. Ndipo mtu anachukua brashi na rangi ya maji, na kuanza kazi ambayo jiwe haliijui.

Mara nyingi kazi hiyo ilifanywa kwa haraka na kwa malipo madogo. Kampuni ya Currier and Ives ya New York, iliyotoa zaidi ya picha 7,000 tofauti kabla ya kufunga mwaka 1907, iliwaketisha wanawake kwenye meza ndefu. Kila mmoja alikuwa na rangi moja: huyu anatia anga, anasogeza, yule anatia majani, anasogeza, mwingine anatia koti la mpanda farasi. Picha ya mfano ilisimama mbele yao ili wasipotee. Rangi pale ilikuwa na wajibu wa kufanana na kitu: anga buluu, nyasi kijani, damu nyekundu.

Kwa kutia rangi, Kiswahili kinasema zaidi ya kupaka. Ukuta hupakwa, rangi inaufunika, na kilichokuwa chini hakionekani tena. Nguo hutiwa rangi, na chai hutiwa maziwa: kinachotiwa huingia, huchanganyika, na kilichokuwapo kinabaki kikionekana. Katika litografia ya mkono, rangi ya maji ni nyembamba na mstari mweusi wa jiwe unaonekana kupitia kwake. Mchoraji akitumia gwashi nzito hadi mstari ukapotea, amepaka, na maelezo ya picha yanapaswa kusema hivyo. Kifaransa cha makatalogi kinasema kazi "imeinuliwa" kwa rangi, kana kwamba ilikuwa imelala. Kiswahili kinataja tendo la mkono, na kwa ufundi huu hilo ni sahihi zaidi.

Mambo yanabadilika pale mchoro wenyewe usipoonyesha kitu kinachotambulika kwa haraka. Mfano unaofaa kuangaliwa kwa karibu ni wa Paul Klee, wa mwaka 1916, wenye jina la Kijerumani linalomaanisha Maangamizi na Matumaini. Miaka miwili kabla yake, Aprili 1914, Klee alikwenda Tunisia pamoja na August Macke na Louis Moilliet. Huko, chini ya mwanga wa Afrika Kaskazini, aliandika katika shajara yake kwamba rangi imemteka na kwamba sasa yeye ni mchoraji. Miezi michache baadaye vita vikuu vikaanza. Macke aliuawa Ufaransa Septemba 1914. Rafiki yake mwingine, Franz Marc, aliuawa Verdun Machi 1916, na mwezi huo huo Klee mwenyewe akaitwa jeshini.

Picha hiyo ni litografia iliyotiwa rangi ya maji. Jiwe limetoa msitu wa mistari myeusi inayokatana, pembe juu ya pembe, kama jengo lililoporomoka ambalo jicho linajaribu kulisimamisha upya na kushindwa. Juu ya vurugu hiyo pametiwa rangi katika maumbo machache ya jiometri, mengine mithili ya nyota na mwezi. Rangi hizo hazifuati mistari. Hazijazi chumba kilichochorwa wala hazielezi ukuta ni wa udongo au wa matofali. Zinaelea juu ya magofu kwa mpangilio wao zenyewe. Mtazamaji anasoma sauti mbili kwenye karatasi moja, na zimeingia kwa nyakati mbili: maangamizi yamechapwa, matumaini yametiwa baadaye. Kama rangi ingechapwa kwa mawe matatu kwa njia ya Engelmann, karatasi ingeweza kuwa nzuri vile vile, lakini maana hiyo ya kuja nyuma, ya mtu kurudi kwenye karatasi iliyokwisha kuharibika na kuongeza kitu, isingekuwamo.

Ndiyo maana neno "kwa mkono" katika istilahi hii halipaswi kuachwa kwa ajili ya kufupisha. Mhariri anayeandika "litografia ya rangi" kwa sababu nafasi ni ndogo amefuta nusu ya habari.

Sanaa ya namna ya picha hiyo ya Klee Kiswahili huiita sanaa ya dhahania, isiyoiga umbo la kitu. Wassily Kandinsky, aliyechapisha mwishoni mwa 1911 kitabu chake kuhusu roho katika sanaa, alidai kwamba rangi inaweza kuigusa nafsi moja kwa moja, kama sauti ya chombo cha muziki, bila kupitia kitu kinachochorwa. Kwa msemaji wa Kiswahili dai hilo lina ugumu wake, kwani majina yetu mengi ya rangi yameshikamana na vitu. Nyeupe, nyeusi na nyekundu zinasimama zenyewe. Lakini manjano ni kiungo cha jikoni, kahawia imetoka kwenye kahawa, zambarau ni tunda, kijivu ni majivu, kijani ni majani. Mwandishi anayesema "doa la zambarau" mbele ya picha ya dhahania amemletea msomaji tunda ambalo mchoraji hakulichora. Njia ya kutoka ni kueleza rangi inafanya nini: ni nzito au nyepesi, inasogea mbele au inarudi nyuma, inagombana na jirani yake au inampoza. Kwa lugha hiyo, doa la zambarau karibu na manjano huwaka, na likiwekwa karibu na buluu hutulia.

Kongo imelijua suala la rangi na nakala kwa njia yake, bila kusubiri jiwe la Bavaria. Albert Lubaki, mchoraji wa kuta za nyumba huko Bukama, alipewa karatasi na rangi ya maji mwaka 1926 na Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya kikoloni. Yeye na mkewe Antoinette walichora wanyama, miti na watu kwa rangi ambazo hazikuomba ruhusa kwa maumbile, na kazi zake zikaonyeshwa Brussels mwaka 1929. Rangi ya maji juu ya karatasi nyeupe ndiyo ile ile inayotumiwa kutia litografia. Mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana mwaka 1946. Humo Pilipili Mulongoy alijaza karatasi kwa ndege na samaki, Mwenze Kibwanga akajenga picha kwa mistari mifupi ya rangi iliyopangana, na Bela akatumia ncha za vidole badala ya brashi. Vidole vya Bela ni mfano mzuri wa rangi inayobeba alama ya mwili wa aliyeiweka.

Suala la nakala nalo lilipata jibu lake. Wachoraji wa Katanga, akiwemo Tshibumba Kanda Matulu, walirudia somo moja mara nyingi kwa mkono, kwa mfano picha ya Colonie Belge yenye askari, mfungwa na kiboko. Mteja alitaka picha hiyo hiyo aitundike sebuleni, na mchoraji akaichora tena mwanzo hadi mwisho. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyezungumza na Tshibumba kwa Kiswahili cha Katanga miaka ya 1970, alikuta neno walilolitumia kueleza kazi ya picha hizo: ukumbusho. Kila nakala ilikuwa ya asili, rangi zikihama kidogo kutoka moja hadi nyingine. Litografia ya mkono inakaa katikati ya njia hiyo na kiwanda: mstari unarudiwa na jiwe, rangi hairudiwi na yeyote kwa ukamilifu. Na kuhusu rangi yenyewe, Chéri Samba, aliyeanza Kinshasa kama mchoraji wa mabango ya biashara, ana picha ya mwaka 2003 yenye jina linalomaanisha Ninapenda Rangi, ambamo kichwa chake mwenyewe kimemenywa kama ganda la chungwa na brashi imeshikwa kwa meno.

Wauzaji wa vikwembe katika soko la Birere wana msamiati ulio karibu zaidi na wa litografia kuliko wanavyodhani. Kikwembe cha waksi halisi hutengenezwa kwa kitu kinachozuia rangi: utomvu hupigwa juu ya pamba, kitambaa kikatumbukizwa kwenye buluu, na palipozuiliwa pakabaki peupe, pakiwa na mipasuko midogo isiyofanana pima kwa pima. Rangi nyingine huongezwa baadaye juu ya mchoro huo. Mama anayepindua kitambaa kutazama kama rangi imeingia upande wa pili, na kama mipasuko ni ya kweli au imechapwa kuigiza, anafanya uchunguzi ule ule unaohitajika mbele ya litografia.

Jiwe lenyewe limekuwa adimu, lakini uchapaji bapa umeenea kuliko wakati wowote. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ira Rubel wa New Jersey aligundua kwamba wino ukipita kwanza kwenye mpira, kisha kwenye karatasi, chapa inatoka safi zaidi. Hiyo ndiyo ofseti. Jiwe likabadilishwa kwa bamba jembamba la aluminiamu, lakini sheria ya mafuta na maji ikabaki ile ile. Vitabu vya shule, kalenda na magazeti yanayouzwa mjini Goma, yakiwa yamechapwa kwa ofseti, ni wajukuu wa Senefelder. Kwa hiyo neno litografia lisichukuliwe kuwa la makumbusho. Kinachohitaji kutajwa ni litografia ya aina gani.

Lebo ya maonyesho, kwa kazi ya namna hii, inahitaji mambo matano kwa mpangilio huu: jina la msanii, jina la kazi, mwaka, "litografia iliyotiwa rangi kwa mkono, rangi ya maji", na namba ya nakala, kwa mfano 4/20, yaani nakala ya nne katika toleo la ishirini. Kama rangi ilipitishwa kwenye stensili, ilivyokuwa desturi kwa matoleo mengi ya Ulaya, liongezwe neno "kwa stensili". Kama aliyetia rangi si msanii bali karakana, nalo lisemwe.

Mwenye shaka na achukue lenzi ndogo. Picha ya ofseti itaonyesha vitone vya rangi nne vilivyojipanga kama maua madogo. Litografia ya rangi kutoka mawe kadhaa itaonyesha chembe za chaki za kila rangi, na pembeni huenda rangi moja imeteleza kidogo nje ya nyingine. Iliyotiwa kwa mkono haina vitone kabisa: mstari mweusi una chembechembe za jiwe, na juu yake rangi imelala kwa mfululizo, nyembamba katikati na nzito ukingoni pale tone la maji lilipokaukia.